Risasi Ipi kwa Mnyama Yupi

Ikitajwa habari ya kuwinda, watu wengi huuliza kwanza habari za bunduki: imetengenezwa wapi, ni ya nani, na mshindo wake ni mkubwa namna gani. Ni wachache waulizao habari za risasi. Walakini bunduki haimgusi mnyama hata kidogo. Kinachomgusa ni kipande kidogo cha madini ambacho mtoto aweza kukificha katika kiganja chake, na kazi yote ya bunduki, pamoja na moto wake na mshindo wake, ni kukifikisha kipande hicho mahali pake. Basi katika maneno yetu ya leo twapenda kueleza habari za kipande hicho: kwa nini kimoja humwangusha nyati palepale, na kingine, kilichotoka katika bunduki ileile, humfanya akimbie na jeraha lake hadi vichakani.

Labda msomaji atasema, "Mimi sina bunduki, wala sitazamii kuwa nayo, habari hizi zanihusu nini?" Zamhusu sana. Mnyama aliyejeruhiwa haendi kufia miguuni pa yule aliyemjeruhi. Nyati mwenye risasi tumboni aweza kuishi siku kadha wa kadha. Hujificha katika matete karibu na maji, na mara nyingi hugeuka akarudi kando ya njia yake mwenyewe, akasimama kimya akimngoja amfuataye. Naye amkutaye huko si mwindaji daima. Pengine ni mama aliyekwenda kuteka maji, au kijana mchunga mbuzi, ambao hata mlio wa bunduki hawakuusikia. Tembo naye aliyepigwa vibaya shambani husafiri na maumivu yake akafika kijiji cha pili au cha tatu, na huko hana subira na mtu ye yote. Risasi iliyochaguliwa vibaya na mtu mmoja hulipwa na wengine.

Tena yafaa tuseme mapema jambo la sheria. Nchini Kenya uwindaji wa nyama wakubwa ulipigwa marufuku mwaka 1977. Nchini Tanzania huruhusiwa kwa leseni tu, mahali maalumu na majira maalumu, na awindaye bila leseni avunja sheria. Lakini katika nchi zote mbili wako askari wa wanyamapori (mkubwa wao, zamani za wazee wetu, aliitwa Bwana Nyama) ambao huitwa pindi tembo, kiboko au nyati aharibupo mashamba au kuua watu. Haya twayaandika kwa ajili ya wale wenye kuita na wale wenye kuitwa, na kwa ajili ya vijana watakaokuwa askari, wafuata nyayo na waongozi wa wageni.

Tuanze na maneno, kwa kuwa neno risasi hutumiwa na watu kwa vitu vitatu. Kwanza ni jina la madini mazito, laini, yayeyukayo upesi motoni. Pili ni jina la kile kipande kinachoruka kutoka kasibani. Tatu ni kile kitu kizima kitiwacho katika bunduki, ambacho wazee wengine hukiita kiasi cha bunduki. Kiasi kina sehemu nne. Lipo ganda la shaba ya manjano. Ndani yake imo baruti. Katika kitako chake imetiwa fataki. Na mdomoni mwake imebanwa risasi yenyewe. Mtambo ukifyatuliwa, msumari mdogo huigonga fataki, fataki huiwasha baruti, na baruti hugeuka mara moja kuwa hewa ya moto yenye nguvu nyingi mno, isiyo na pa kutokea ila kwa kuisukuma risasi mbele. Ndani ya kasiba imechongwa mifereji iliyopindwa kama mikato ya parafujo, ili risasi itoke ikizunguka kama pia achezayo mtoto. Pia ikizunguka husimama wima. Risasi nayo ikizunguka huenda na pua yake mbele, haipinduki njiani.

Gobore halina mifereji hiyo. Humiminiwa baruti nyeusi kwa mdomoni, ile ya shura, makaa na salfa, kisha hutiwa goroli ya risasi au, mara nyingi mno, kipande cho chote cha chuma kilichopatikana. Baruti nyeusi haina mbio, na goroli ya mviringo hupoteza mwendo wake upesi. Kwa hiyo watu wa zamani waliotaka kumwua tembo walikuwa na njia moja tu, nayo ni kuikuza goroli. Frederick Selous, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1851, alipoanza kuwinda ndovu kusini mwa Afrika alitumia bunduki za kushindilia za namba 4. Maana ya namba hiyo ni kwamba goroli nne hufanya ratili moja. Yaani kila goroli ilikuwa robo ratili, yapata gramu 113. Bunduki hizo zilimpiga teke hata baadaye yeye mwenyewe akaeleza kwamba zilimharibia mishipa ya fahamu, akawa hana tena utulivu wa kulenga kama ilivyopasa. (Selous huyu ndiye aliyeuawa vitani huko Behobeho, karibu na mto Rufiji, mwezi wa Januari mwaka 1917. Pori la akiba liliitwa kwa jina lake miaka mingi, na sehemu yake kubwa ikafanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019.)

Kama goroli ya robo ratili ilikuwa haitoshi nyakati nyingine, msomaji na akisie mwenyewe gobore la kijijini lililojazwa vipande vya nondo lamfanyia nini tembo. Halimwui. Lamwachia donda. Mafundi wachongao pembe za ndovu wamepata kukuta tangu zamani goroli nzima ndani ya pembe, imefunikwa kabisa na pembe iliyokua juu yake, dalili kwamba mnyama yule aliishi na risasi hiyo mwilini miaka mingi baada ya kupigwa.

Mambo yaligeuka baruti isiyo na moshi ilipopatikana. Mfaransa Paul Vieille aliitengeneza mwaka 1884, na Waingereza wakapata yao mwaka 1889, iliyofanywa kama nyuzi au tambi nyembamba. Nguvu ya baruti hizi ni kubwa sana kupita ile nyeusi, hata ikawezekana risasi nyembamba kupelekwa kwa mbio ambazo hazijapata kuonekana. Lakini mbio zilileta taabu mpya. Risasi ya madini laini peke yake haiwezi kustahimili mbio hizo. Huyeyuka na kuacha takataka katika mifereji ya kasiba. Ikabidi kuivika vazi la shaba nyekundu, au la shaba na nikeli, au hata la chuma. Vazi hilo ndilo chanzo cha maneno yote yafuatayo.

Mwaka 1898 duka la John Rigby la London lilitoa kiasi cha .450. Hapa hapana budi kueleza tarakimu. Namba .450 ni upana wa kasiba: sehemu 450 katika sehemu 1000 za inchi moja. Uzito wa risasi nao hupimwa kwa chembe, na chembe 7000 hufanya ratili moja. Risasi ya .450 ilikuwa na chembe 480, yapata gramu 31, nayo ilikwenda mwendo wa mita 650 hivi kwa nukta moja ya saa. Ikiwa hivyo, gramu 31 zilifanya kazi ambayo gramu 113 za Selous hazikuiweza. Baadaye kidogo serikali ya Kiingereza ilikataza kasiba za .450 katika Bara Hindi na Sudani, ikiogopa viasi vyake visije vikatumiwa na waasi katika bunduki za jeshi za upana huo. Mafundi wa London hawakufunga maduka yao. Walitengeneza za .465, .470, .475 na nyingine, zote zikiwa karibu sawa kwa nguvu. Ndiyo sababu leo tunazo namba nyingi zinazofanana hata kumchanganya mtu.

Kuchanganyikiwa huko kwaweza kumkata mtu mkono. Viasi viwili vyaweza kuonekana sawa mbele ya macho, kumbe kimoja ni kinene kidogo au kirefu kidogo, na kikilazimishwa kuingia mahali si pake bunduki yaweza kupasuka usoni pa mwenyewe. Mtengenezaji hupiga chapa ya tarakimu na jina katika kitako cha ganda, na tarakimu hizo sharti ziwe sawasawa na zile zilizoandikwa juu ya kasiba. Kijana aliyejifunza kusoma namba aweza kumwokoa hapa mzee mwenye macho mabovu.

Katika jamaa hiyo ndefu ya namba, zitoshe chache. Ya .404, ya Jeffery, yenye risasi ya chembe 400, ilitumiwa sana na maaskari wa idara za wanyama katika Afrika ya Mashariki. Ya .416 ya Rigby ilitoka mwaka 1911, na ya .375 ya Holland & Holland mwaka 1912. Hii ya mwisho hutupa risasi ya chembe 300, yapata gramu 19, kwa mwendo wa mita 760 hivi kwa nukta, nayo imeenea kuliko zote. Wamarekani walileta ya .458 ya Winchester mwaka 1956, risasi yake chembe 500. Katika nchi nyingi za Afrika zinazotoa leseni za kuwinda, .375 ndiyo ndogo kabisa ikubaliwayo kwa tembo na nyati. Watu hudhani ya kuwa .458 yaizidi .375 kidogo tu, kwa kuwa tarakimu zao zakaribiana. Mwanafunzi na afanye hesabu: ukubwa wa tundu hufuata mraba wa upana, si upana wenyewe. Ukiipiga 458 kwa 458, na 375 kwa 375, ukagawanya, utaona kwamba uso wa ile kubwa waupita uso wa ile ndogo kwa karibu nusu yake.

Sasa tuje kwenye uzito na mbio. Ukiuzidisha uzito wa risasi mara mbili, nguvu yake huzidi mara mbili. Ukizizidisha mbio mara mbili, nguvu yake huzidi mara nne. Kwa sababu hiyo wako vijana waliosoma hesabu hii nusu nusu, nao husema, "Basi yatosha kuwa na risasi ndogo yenye mbio kali." Wamesahau kwamba nguvu hiyo yapaswa kufika ndani. Chukua misumari miwili ya uzito mmoja, mmoja mnene mfupi, mwingine mwembamba mrefu, uipige nyundo kwa nguvu moja katika gogo la mninga. Ule mrefu utaingia zaidi, kwa kuwa uzito wote umekaa nyuma ya ncha ndogo. Risasi nayo ni hivyo hivyo. Katika upana ule ule, risasi nzito ni risasi ndefu, na risasi ndefu huchimba. Kwa swala wa tambarare ambaye ubavu wake si mnene, jambo hili si kubwa. Kwa nyati ambaye bega lake ni ukuta wa ngozi, nyama na mfupa, nalo ndilo lililofunika moyo, jambo hili ndilo kila kitu.

Risasi zenyewe, kwa nyama wakubwa, ni za namna mbili. Ya kwanza ni laini: vazi lake halikufunika pua, na madini laini yameachwa wazi mbele. Ikigonga mwili pua hiyo hufunguka kama uyoga, ikafanya tundu pana, ikautumia mwendo wake wote ndani ya mnyama. Ya pili ni ngumu: imefunikwa kote mbele, pengine kwa chuma kinene chini ya shaba, au ni kipande kimoja cha shaba kisicho na kitu ndani. Hii haifunguki. Hupita moja kwa moja, ikavunja mfupa na kuendelea.

Mtu akiuliza ipi iliyo bora, hajauliza swali zima. Kwa simba ni laini. Simba hana ngozi nene wala mifupa mizito. Risasi ngumu humpita kama sindano ipitavyo katika nguo, ikatoka upande wa pili na nguvu zake zote, naye akabaki na nafasi ya kumfikia aliyempiga. Kwa pofu, ingawa ni mnyama mpole na uzito wa dume huweza kufika kilo 900, ni laini pia, lakini iwe nzito na imara. Kwa tembo ni ngumu, wala hapana shauri. Ubongo wa tembo ni mdogo ukilinganishwa na kichwa chake, nao umekaa nyuma na chini, karibu na usawa wa matundu ya masikio. Mbele yake upo mfupa wenye vijumba vijumba kama sega la asali, na asiyejua hudhani kichwa chote kile ni shabaha. Risasi laini hufunguka katika sega hilo ikaishia humo. Tembo hutikisika, pengine hupiga magoti, kisha huinuka akaenda zake au akaja. Kiboko na kifaru hufuata kanuni ya tembo, ijapokuwa kifaru leo hatuna la kuwinda kwake. Wamebaki wachache mno, nao wamelindwa kwa sheria.

Nyati ndiye aliyewagombanisha wawindaji tangu zamani. Wako wasemao risasi ngumu tu, kwa kuwa mbavu zake ni pana na zimekaribiana sana, na ngozi ya shingoni ni nene mno. Wako wasemao laini, kwa kuwa risasi ngumu huweza kumpita nyati mmoja ikamjeruhi mwingine aliyesimama nyuma yake kundini, ambaye mpigaji hata hakumwona. Hoja hii ya pili twaiona kuwa nzito, kwa maana nyati wa namna hiyo huondoka bila ya mtu kujua kwamba yumo katika pori nyati mwenye jeraha. Desturi ya wengi ni risasi ya kwanza kuwa laini, ya namna iliyo imara, na zote zifuatazo kuwa ngumu. Kwa sababu baada ya mlio wa kwanza nyati ama amegeuza mgongo, na risasi yapaswa kusafiri urefu wa mwili wake, ama anakuja uso kwa uso, na mbele yake lipo lile pingili la pembe. Twakubaliana nao.

Hapa pana mtu mmoja ambaye lazima atajwe, maana jina lake hutumiwa vibaya. Mskoti W. D. M. Bell, aliyezaliwa mwaka 1880 akafa mwaka 1954, aliwinda ndovu Karamoja katika Uganda, na kwingineko, mwanzoni mwa karne ya ishirini. Hesabu ya ndovu aliowaua yapita 1000, hesabu ambayo leo yatutia huzuni zaidi kuliko kutushangaza, na wengi wao aliwaua kwa bunduki ndogo ya milimita 7, ambayo kwa Waingereza huitwa .275. Watu husema, "Kama Bell aliweza, kwa nini tubebe mzigo mzito?" Na waangalie alivyofanya. Hakutumia risasi laini. Alitumia risasi ngumu yenye pua ya mviringo, ya chembe 173, ambayo urefu wake wapata mara nne ya upana wake. Ni ule msumari mrefu tuliousema. Tena alipasua kichwa cha ndovu kwa msumeno ili aone ubongo umekaa wapi, akachora picha zake, akajifunza kuulenga kutoka kila upande. Alikuwa mpigaji ambaye mfano wake ni nadra. Mtu asiyepata kuona kichwa cha tembo kilichopasuliwa, wala hana shabaha ile, hana haki ya kuitumia bunduki ile.

Mfano wa kinyume chake watoka mbali, Kanada. Mwaka 1946 Mmarekani John Nosler alikuwa akiwinda huko katika jimbo la British Columbia mnyama mkubwa wa kaskazini aitwaye moose, mwenye pembe pana kama karai. Bunduki yake ilikuwa .300 ya Holland & Holland, yenye mbio kali. Mnyama alikuwa amegaagaa topeni, na tope lilikuwa limemkaukia begani. Nosler alimpiga, wala hakuanguka. Akampiga tena na tena. Risasi zake laini zilifunguka mapema mno kwa ajili ya zile mbio, zikasambaratika karibu na ngozi, hazikufika moyoni. Nosler hakuilaumu bunduki. Alirudi nyumbani akafikiri, akatengeneza risasi yenye vyumba viwili vilivyotengwa kwa ukuta wa shaba katikati: chumba cha mbele chafunguka kama uyoga, na cha nyuma chabaki kizima kusukuma. Alianza kuiuza mwaka 1948, na risasi za namna hiyo zingali zikitengenezwa. Nyati wetu nao, kama ajuavyo kila mtu, hugaagaa topeni.

Jambo moja zaidi juu ya pua. Risasi ngumu ya nyama wakubwa hufanywa na pua ya mviringo au hata bapa. Ile iliyochongoka hukata hewa vizuri ikafika mbali, lakini ikiingia mwilini huelekea kupinduka, kwa kuwa uzito wake umekaa nyuma. Risasi ya jeshi ya .303 ya Mark VII, ambayo waliopata kuwa askari wa King's African Rifles waliijua vema, ilikuwa na pua iliyochongoka, na ndani ya ncha ile mlitiwa kitu chepesi badala ya madini mazito. Ikiingia mwilini, hupinduka ikashika njia nyingine. Mwaka 1899, katika mkutano wa The Hague, mataifa yalipatana kutotumia vitani risasi zifungukazo, ili kupunguza mateso ya watu. Katika kuwinda shauri lageuka, kwa maana tunalolitaka ni mnyama afe upesi. Kwa hiyo kiasi kilichotengenezwa kwa vita, hata kama bunduki yakipokea, si cha kumpigia nyati wala tembo.

Baada ya kuchagua yapasa kujaribu. Bunduki haipendi kila risasi sawasawa. Ukibadili uzito au mtengenezaji, risasi zitapiga juu au chini ya pale ulipozoea. Weka karatasi mitini kwa hatua hamsini, egemeza bunduki, piga tatu, ukatazame. Mpigaji naye ajijaribu. Kama anafumba macho kabla ya kufyatua kwa kuogopa teke, basi bunduki ile ni kubwa kwake, na .375 iliyopigwa kwa utulivu ni bora kuliko .470 iliyopigwa kwa hofu.

Viasi vitunzwe pakavu na penye kivuli. Baruti ya zile nyuzi za Kiingereza iliongeza nguvu yake ikipata joto, hata ganda likakwama kasibani mara baada ya kupiga, na mnyama yu karibu. Ndiyo sababu mafundi walitengeneza maganda makubwa kwa ajili ya nchi za jua, ili nguvu isibanwe mno. Katika viasi vya kwanza vya .458 ilionekana kinyume chake: baruti ilishindiliwa sana, na baada ya muda iligandamana, ikawaka vibaya, risasi ikatoka bila mbio zake. Ganda lenye kutu ya kijani, au lililobonyea, au ambalo risasi yake yatikisika mdomoni, litengwe. Hakuna hasara ya kiasi kimoja iwezayo kulinganishwa na mlio wa tik mbele ya nyati.

Kwa habari ya nyama yenyewe, wasomaji wetu wapewao mgawo baada ya mnyama kuuawa na wajue jambo ambalo wazee hawakulijua. Risasi laini ikisambaratika hurusha vipande vidogo mno vya madini, na picha za eksirei zimeonyesha kwamba vipande hivyo hufika mbali na tundu lenyewe. Madini ya risasi ni sumu, na huwadhuru watoto zaidi. Nyama yote iliyozunguka jeraha ikatwe kwa upana na ifukiwe ardhini, isitupwe nje, kwa sababu tai nao hufa kwa sumu hiyo. Kwa ajili ya ndege wa namna hiyo jimbo la California katika Marekani limekataza kabisa risasi za madini hayo kwa kuwindia tangu mwaka 2019. Zipo siku hizi risasi laini za shaba tupu, zilizoanza kuuzwa Marekani mwaka 1989, zenye tundu puani ili zifunguke. Hazisambaratiki, nazo huchimba sana. Bei yake ni kubwa kidogo. Kama sisi ndio tungeulizwa na wenye kununulia askari vifaa, tungesema zinunuliwe.

Mwisho, ikiwa mnyama amepigwa karibu na kijiji chenu naye hakuanguka, mtu asimfuate. Watu wapelekewe habari upesi katika njia za kwenda mtoni na malishoni, na watoto wazuiliwe nyumbani. Askari wa wanyamapori akija ataka kujua mambo machache, na ajibiwe bila kupunguza wala kuongeza: saa aliyopigwa, alikuwa ameelekea wapi, alishtuka namna gani. Aonyeshwe damu, isikanyagwe. Damu nyekundu nyepesi yenye povu yatoka mapafuni, na mnyama huyo huenda hayuko mbali. Damu nyeusi nzito huelekea kuwa ya ini. Damu chache iliyochanganyika na majani yaliyosagwa ni ya tumbo, na hiyo ndiyo mbaya kuliko zote, kwa kuwa mnyama ana nguvu zake na ana muda. Kama ganda la kiasi liliangushwa hapo, lisipewe watoto kuwa kichezeo. Apewe askari asome tarakimu za kitakoni, na aliyepiga, awe nani, aambiwe aseme kweli kama ilikuwa laini au ngumu. Kwa jibu hilo askari atajua jeraha ni la kina gani, na atatia nini katika bunduki yake kabla ya kuingia katika matete.